Jezi bila namba, mkuu. Na usitume hela leo

Mtoa mada, kabla hujamtumia huyo jamaa chochote, weka simu chini.

Nimelisoma bandiko lako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilitoka nje kupunga upepo. Unasema uko Adelaide, ni shabiki wa Port Adelaide kwenye ligi ya futi ya Australia (AFL), kiungo wenu (simtaji, uzi huu umeshamtaja mara arobaini) "yuko mbioni kusaini miaka minane", kuna mtu wa ndani amekuhakikishia, na kikundi chenu kina dola 1,900 za mfuko mnazotaka kununulia jezi yenye saini yake, iliyowekwa kwenye fremu, kabla bei haijapanda siku ya kutangazwa. Halafu katikati ukachomeka maswali matatu: fidia ikiwa ataondoka akiwa mchezaji huru, kutoa chaguo za drafti (zamu za klabu kuchagua vijana wapya) za mwakani, na habari za yule fowadi. Hayo tutayafikia, tukijaliwa. Kwanza hizo 1,900.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Mwaka 2020, klabu yangu ya Collingwood, huku Melbourne, dola 2,200. Na hazikuwa zangu.

Februari ile Brodie Grundy alisaini miaka saba, mpaka mwisho wa 2027. Kwa wadau wanaopita tu: Grundy ni raki, yule mrefu anayeruka katikati ya uwanja kugombea mpira mwamuzi akishauanzisha. Alikuwa ametoka kuingia kikosi bora cha ligi nzima mara mbili mfululizo, 2018 na 2019. Miaka saba! Mimi tangu nifike Melbourne sijawahi kupewa mkataba wa nyumba unaozidi miezi kumi na miwili, na hata huo mwenye nyumba huusaini kama anatoa figo. Nikasema huyu sasa si mchezaji, huyu ni kiwanja chenye hati.

Tulikuwa na mfuko, watu kumi na wawili huku magharibi ya mji. Wengi sisi wa Tanga na Kigoma, Warundi wawili, Mkenya mmoja. Kila mtu dola hamsini kwa mwezi. Mfuko wa msiba na dharura, unajua mwenyewe: ile simu ya saa tisa usiku kutoka nyumbani, halafu mtu anatakiwa awe kwenye ndege kesho yake. Mweka hazina alikuwa mimi, kwa sababu eti nina utulivu.

Sasa kwenye grupu letu la futi kulikuwa na bwana mmoja tukimwita Mtu wa Ndani. Kila grupu linaye. Huyu wetu alikuwa na binamu anayefanya usafi kwenye ofisi fulani karibu na uwanja wa mazoezi, na kwa nasaba hiyo ya ufagio akawa anajua kila kilichosemwa kwenye vikao vya bodi. Akaniandikia, bado nayo picha ya ujumbe: "Kaka, mkataba wa Grundy una kipengele, hahami mtu pale. Nunua sasa, wiki ijayo utalia." Na kwa bahati ya ajabu, yeye huyo huyo alikuwa anamfahamu muuzaji wa jezi.

Nilifanya hesabu kwenye karatasi ya risiti ya petroli. Ifikapo 2027 atakuwa amecheza mechi zaidi ya 250 za Collingwood. Ubingwa mmoja, pengine miwili. Jezi iliyosainiwa wiki ile ile aliyoweka saini ya miaka saba, nani ataiacha? Dola elfu sita, mbaya kabisa elfu tano. Mfuko unapanda zaidi ya mara mbili, na sisi tumekaa tunakunywa chai.

Wanachama saba walikubali. Watano walikataa, na mmoja wao, dada yetu muuguzi, aliniuliza swali ambalo hadi leo nikiwa naoga linanirudia: "Huyo kijana akiumia goti, sisi siku ya msiba tutapandia jezi kwenda Kigoma?" Nikamjibu kwa sauti ya mhadhiri: "Dada, mkataba ni wa miaka saba." Kana kwamba goti linasoma mkataba.

Fremu ililetwa Jumamosi. Ilikuwa kubwa, haikuingia kwenye buti la Corolla, nikaikalisha siti ya nyuma na kuifunga mkanda. Mistari myeusi na myeupe, namba 4, saini ya kalamu ya fedha iliyopita juu ya mstari mweusi ili ionekane, na pembeni karatasi ya cheti yenye kibandiko kinachong'aa ukikigeuza. Misumari miwili, maana mmoja ulitoka na kipande cha ukuta. Mke wangu alisimama na mwiko mkononi, akaitazama, akaniuliza: "Picha ya harusi yetu umeipeleka wapi?"

Iko nyuma ya kabati, wadau. Nisonge mbele.

Mwezi uliofuata korona. Ligi ikasimama, mji ukafungwa, na ule mfungo wa pili wa 2020 uliokwenda siku mia na zaidi nimeutumikia wote nikiwa nimekaa mbele ya ile fremu. Nilikuwa naisalimia asubuhi. Nilipata muda wa kutosha kabisa wa kujiuliza maswali na sikujiuliza hata moja.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, maana Mungu alinitumia onyo na nikalicheka. Novemba mwaka ule ule, dirisha la kubadilishana wachezaji likiwa limesogezwa mbele kwa ajili ya korona, Collingwood walijikuta wamebanwa na kikomo cha mishahara. Wakaanza kutupa watu. Jaidyn Stephenson na Atu Bosenavulagi wakaenda North Melbourne, Tom Phillips akaenda Hawthorn, na Adam Treloar, ambaye mkataba wake ulikuwa unakwenda mpaka 2025, ambaye alisema hadharani kwamba hataki kuondoka, akapelekwa Western Bulldogs dakika za mwisho kabisa. Na Collingwood wakaendelea kulipa sehemu ya mshahara wake! Yaani unamlipa mtu aje akufunge.

Kazini kwetu kuna dereva wa foklifti, mzee mmoja wa Footscray, Bulldogs damu, alikuja na jezi mpya ya Treloar. Unajua nilimwambia nini? "Pole kwa Treloar, alikuwa na mkataba wa kawaida. Wa Grundy ni wa miaka saba." Hilo nimelisema kwa mdomo wangu. Treloar alikuwa amebakiza miaka mitano na mimi nikaiita kawaida.

Sasa elewa mashine inavyofanya kazi, maana ndiyo iliyotumika kunidanganya mimi na ndiyo itakayotumika kukudanganya wewe. Kwenye ligi hii mchezaji mwenye mkataba hawezi kuhamishwa bila ridhaa yake. Hiyo ni kweli. Mtu wa Ndani aliichukua kweli hiyo, akaivisha kanzu, akaiita "kipengele cha Grundy". Hakikuwa cha Grundy. Ni cha kila mtu, mpaka kijana wa miaka kumi na minane aliyesajiliwa jana anacho. Na ridhaa yenyewe inapatikana hivi: unaitwa ofisini, unaambiwa kwa upole kwamba mipango ya mwakani haikuhusu, kuna klabu nyingine imeonyesha nia, chaguo ni lako. Wewe ungebaki? Ni kama shemeji yako akikwambia kaa tu, nyumba ni yako, huku anakunja godoro.

Na upande wa pili mlango ni huo huo. Mchezaji akitaka kuondoka, anasema anataka kurudi kwao karibu na mama, na klabu hata ikiwa na karatasi ya miaka mitatu mbele inaanza kutafuta bei. Nyinyi Port mnalijua hili kuliko mtu yeyote. Jason Horne-Francis alichaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 2021 na North Melbourne. Akacheza msimu mmoja. Alikuwa bado na mwaka kwenye mkataba. Oktoba 2022 yuko kwenu, kwa biashara iliyozungusha klabu nne. Wewe siku ile ulishangilia, naamini ulipiga vigelegele. Kuna baba wa watu kule North alikuwa ameshamnunulia mtoto jezi yenye namba. Mkataba ulikuwa kitu gani siku ile? Karatasi ya kufungia maandazi. Sasa huyu wenu akisaini minane, ghafla karatasi imegeuka chuma?

Narudi kwangu, kidonda hakijaisha.

Siku ya Anzac 2022 (sikukuu ya huku ya kukumbuka wanajeshi), Aprili, dhidi ya Essendon, Grundy akaumia. Wapi? Goti. Nilisikia sauti ya dada muuguzi kichwani kabla mtangazaji hajamaliza sentensi. Hakurudi msimu ule, na timu bila yeye ikaenda mpaka nusu fainali, ikafungwa na Sydney kwa pointi moja. Hapo ndipo viongozi walipoona kumbe tunaishi bila yeye. Oktoba wakampeleka klabu ya Melbourne, ambao tayari walikuwa na Max Gawn, raki mkubwa kuliko wote, na tena Collingwood wakabeba sehemu ya mshahara. Mwaka mmoja tu akahama tena kwenda Sydney. Klabu tatu ndani ya miezi kumi na miwili na ushee, na mkataba wa awali ulikuwa bado haujafika hata nusu yake.

Habari ile ilinikuta chumba cha chakula, nimeshika bakuli la wali maharage mbele ya maikrowevu. Yule mzee wa foklifti hakusema neno. Alinisogelea, akanipigapiga begani mara saba. Akizihesabu.

Januari 2023 ikaja ile simu. Mama wa mwenzetu mmoja amefariki, Ujiji. Mfuko ulikuwa na dola 640, maana wengine walishaacha kuchanga tangu wamuone Grundy amevaa rangi nyingine, na siwalaumu. Nikasema hakuna shida, nauza jezi. Nikaweka tangazo dola 1,500. Kimya. Nikashusha 900. Mtu mmoja akauliza kama ni ya Brayden Maynard, kwa sababu Collingwood namba 4 walishampa Maynard. Nikasema hapana, ni ya Grundy. Akaandika "ok" na kidole gumba. Nikashusha 400.

Siku ya nne akaja kijana na mpenzi wake, wapole kabisa. Akaipima fremu kwa futi kamba, urefu, upana, akagonga kioo kwa kucha. "Ni kioo halisi?" Nikasema halisi, na cheti cha saini hiki hapa. Akasema samahani sana, sisi tunahitaji fremu tu, tuna bendera ya babu yake. Je, naweza kuitoa jezi tukalipa 180?

Niliitoa mwenyewe kwa bisibisi, mezani, mke wangu anaangalia. Pini arobaini na mbili. Nilizihesabu kwa sababu nilihitaji kuhesabu kitu.

Dola 2,020 zilizobaki nililipa mfukoni kwangu. Tiketi ya mwenzetu niliikopa siku ile ile, halafu nikazirudisha kwa shifti za Jumapili kwenye ghala Derrimut, wiki tisa. Hakuna mwanachama aliyenilazimisha, na hakuna aliyenizuia pia. Dada muuguzi alichukua hazina, na hakuwahi kunikumbusha lolote. Angenitukana ningepona haraka zaidi.

Na Mtu wa Ndani? Alihama grupu. Nasikia sasa hivi ana "uhakika" kuhusu wachezaji wa klabu nyingine, na binamu yake sasa anakata nyasi. Mtoa mada, naomba umuulize huyo wako swali moja tu: jezi unayotaka kuninunulisha, muuzaji ni nani kwako? Usimuulize kuhusu mkataba, kwenye mkataba atakupeleka mpaka Perth na kukurudisha. Muulize kuhusu muuzaji, halafu angalia anaanza kuandika, anaacha, anaanza tena.

Na ujue jambo la kuuma zaidi. Klabu haikukosea kumwachia. 2023 Collingwood wakachukua ubingwa, 90 kwa 86 dhidi ya Brisbane, na kazi ya raki ikafanywa na Darcy Cameron na yule Mmarekani Mason Cox. Nililia kwa furaha kwenye Fainali Kuu. Wao walikosea mara moja, kusaini miaka saba, wakajirekebisha kwa hela za klabu. Mimi kosa langu lilikuwa ni lao, nimelibeba kichwani na hela za msiba. Shabiki akinunua kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba, amekwenda kumdhamini mtu asiyemjua kwenye deni asilolijua.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nimeilipia: jezi bila namba. Unajua jezi za ligi hii hazina majina mgongoni, ni namba tu, na namba unalipia zaidi wakubandikie. Usilipie. Nunua ya rangi za klabu, mgongo mtupu. Wanangu wawili wanazo hizo. Mdogo aliniuliza kwa nini mgongo wake hauna kitu wakati wenzake wana 35, ya Nick Daicos. Nikamwambia wewe ni kocha. Ameridhika hadi leo, anatupangia mpaka sehemu za kukaa kwenye gari.

Ukisema lazima uwe na mchezaji wa kumpenda, mpende bure. Mnaye Aliir Aliir hapo, mtoto aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, mlimpata kutoka Sydney mwaka 2020 kwa chaguo la raundi ya pili tu la mwaka uliofuata, na msimu wake wa kwanza kwenu akaingia kikosi bora cha ligi. Sydney walidhani wameuza kitasa kumbe wameuza mlango. Hiyo ndiyo biashara ya kuringia, na haikuhitaji fremu.

Haya, maswali yako. Fidia: mchezaji akishakaa misimu minane klabu moja na mkataba ukaisha, anakuwa mchezaji huru. Akiwa kati ya wanaolipwa zaidi pale, klabu yenu ina haki ya kulinganisha ofa ya wanaomtaka, na hapo ndipo mara nyingi mambo hugeuka kuwa mabadilishano ya kawaida. Msipolinganisha, ligi inawapa chaguo la fidia kufuatana na ukubwa wa mkataba aliopewa na umri wake. Fidia ya juu kabisa hukaa nyuma ya chaguo lenu la kwanza, kwa hiyo mkimaliza juu kwenye msimamo mnapewa makombo, mkimaliza mkiani mnapewa nyama. Ukitaka kuombea timu yako ifungwe, hilo ni kati yako na Muumba.

Kutoa chaguo la raundi ya kwanza la mwakani: sikupi ndiyo wala hapana. Collingwood walitoa la 2021 kwa GWS (klabu ya Greater Western Sydney) wakidhani watakuwa katikati ya msimamo. Wakamaliza wa 17. GWS wakamchukua Finn Callaghan kwa chaguo la tatu. Ungesema wajinga, sivyo? Lakini mwaka ule ule walikuwa wanamsubiri Nick Daicos, ambaye kwa sababu baba yake Peter alichezea klabu walikuwa na haki ya kwanza kwake na wangeweza kumlipia kwa chaguo ndogo ndogo. Kwa hiyo si wajinga sana. Inategemea mna mtoto wa nani njiani. Nyinyi mnaye? Angalieni hilo kabla ya kubishana.

Yule fowadi… kusema kweli nimesahau uliuliza nini, na nikipanda juu kusoma tena nitakutana na ile sentensi ya "kabla bei haijapanda" nitapandwa na presha. Naingia shifti saa kumi. Nikirudi nitaliangalia.

Ila hili nijibu sasa hivi, wengine subirini: hizo 1,900 bado ziko kwenye akaunti au umeshatuma? Na mweka hazina wenu ni nani, ni wewe?